Maneno yaliyofumbwa makusudi: majibu kwa wasomaji

Tangu mapatano ya Washington kati ya Kongo na Rwanda ya tarehe 27 Juni 2025, na Tamko la Kanuni la Doha kati ya Kongo na waasi wa M23 la tarehe 19 Julai, wasomaji kadhaa wa Lubumbashi wameniandikia kuhusu lugha ya wanadiplomasia. Nawajibu hapa.

Mwalimu wa sekondari, komini ya Katuba: Kwa nini watu waliosoma kiasi hicho huandika sentensi ambayo kila upande unaisoma kivyake?

Mwalimu, ni kwa sababu bila sentensi hiyo mara nyingi hakuna sahihi. Azimio 242 la Baraza la Usalama, lililopitishwa kwa kauli moja tarehe 22 Novemba 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyokaliwa wakati wa vita vya mwaka huo. Maandishi ya Kiingereza yaliacha kijineno "the", ambacho kingeelekeza kwenye maeneo yote, ilhali ya Kifaransa yanasema "des territoires occupés", maneno ambayo wengi huyasoma kuwa ni yote. Nilichukua kalamu nikajaribu kuiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili, nikaona kwamba "maeneo yaliyokaliwa" hubeba maana zote mbili. Anayetaka kuzitenganisha hana budi kuandika "yote" au "baadhi ya". Wajumbe hawakuandika hili wala lile, maana lolote lingewapotezea kura. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, lakini pale waliofumba na waliofumbiwa wote walikuwa werevu.

Mwanafunzi wa sheria: Babu yangu husema Umoja wa Mataifa ulikuja Katanga mwaka 1960 bila kujua umekuja kufanya nini. Ni kweli?

Babu yako hayuko mbali na ukweli. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na siku tatu baadaye Azimio 143 likaitaka Ubelgiji iondoe askari wake, bila kutaja tarehe, na kumruhusu Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld achukue hatua zinazohitajika ili kuipa serikali ya Kongo msaada wa kijeshi. Jina la Katanga halimo. Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, alielewa kwamba jeshi hilo litaisaidia serikali kulirudisha jimbo lake. Hammarskjöld hakuelewa hivyo. Azimio 146 la tarehe 9 Agosti lilizidisha ugumu, kwani lilisema ni lazima jeshi la Umoja wa Mataifa liingie Katanga, kisha likasema jeshi hilo halitaingilia mgogoro wowote wa ndani. Lisome tena polepole: askari wanatumwa katika jimbo lililojitenga, na papo hapo wanakatazwa kugusa suala la kujitenga.

Tarehe 12 Agosti Hammarskjöld alitua hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, pamoja na askari wa Sweden na ufafanuzi wake mwenyewe wa maana ya azimio. Lumumba aliipinga kwa barua kali, na imani kati yao ikavunjika. Aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Ndipo, tarehe 21 Februari, Azimio 161 likakubali matumizi ya nguvu, ikibidi, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sisemi kwamba sentensi ndiyo iliyomuua, maana waliomuua wanajulikana. Lakini ruhusa iliyokuja baada ya kifo chake ingeweza kuandikwa Julai, na hilo bado linaniuma.

Mfanyabiashara, komini ya Kenya: Utata huo hauna faida kabisa?

Unayo. Katika mapatano ya Ireland ya Kaskazini ya tarehe 10 Aprili 1998, vyama viliahidi kutumia ushawishi wowote vilio nao ili silaha ziachwe katika miaka miwili, maneno ambayo kila upande uliweza kuyasoma kivyake. Kundi lenye silaha la IRA lilimaliza kuziacha mwaka 2005. Walivumiliana kwa sababu kulikuwa na tume huru iliyothibitisha uharibifu wa silaha hizo.

Mama aliyehama kutoka Goma, sasa yuko Ruashi: Mwaka 2012 walisema "msaada kutoka nje". Nje wapi? Na je, nirudi?

Mama, pole kwa yaliyokufikisha huku. Goma ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012, na siku hiyohiyo Azimio 2076 likadai msaada wowote kutoka nje ukome, bila kusema unatoka nchi gani, ingawa wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuitaja Rwanda, nayo ikakana. Baraza lililitaja jeshi la Rwanda na kulitaka liondoke katika Azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, wakati Goma imekwisha kuanguka tena, na Bukavu pia. Miezi minne baadaye, Washington, Rwanda iliandikiwa kuondoa "hatua za kujihami", na askari wake hawakutajwa waziwazi. Kuhusu Doha, Kinshasa ilisema kurudisha mamlaka ya serikali maana yake ni M23 kuondoka. M23 ikasema haiondoki. Wote walikuwa wameshika karatasi ileile. Kwa hiyo, Mama, nakuomba usirudi kwa sababu ya sahihi hizo. Subiri hati itakayotaja nani anaondoka, mahali gani na tarehe gani.