Shirika lina ndege, lina hela, kwa nini halipati sloti Heathrow?

Mkuu uliyeuliza hapo juu, hela unaweza kuwa nayo na bado ukakosa. Nilikaa miaka minne ofisi ya ratiba ya shirika moja (jina sitaji, bado nina washkaji pale), kazi yangu sloti tu (yaani ruhusa ya kutua au kuruka uwanjani saa fulani) asubuhi mpaka jioni. Heathrow, uwanja wa London, ina njia 2 za kurukia na mwisho wake ni kuruka na kutua mara 480,000 kwa mwaka, na karibu zote zina wenyewe. Ukitumia sloti yako asilimia 80 ya msimu, mwakani msimu kama huo ni yako tena, ukishuka hapo inarudi kwenye kapu la sloti za kugawiwa upya. Mashirika mageni uwanjani yanafikiriwa kwanza kwenye nusu ya kapu, sema kapu lenyewe sasa, unakuta masaa ambayo hayana mwenyewe kwa sababu hayana abiria.

Hiyo 80 ndo ilininyima usingizi. Tulikuwa na safari ya Jumanne, msimu wa kiangazi unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Oktoba, wiki kama 30 hivi, kwa hiyo ruhusa ya kukosa ni Jumanne 6 basi. Nilibandika karatasi ukutani napiga X kwa kalamu nyekundu. Uwanja ukifungwa hawakuhesabii, ila ndege yako ikigoma ni shauri lako. Septemba mwanzoni X ya sita ikaingia, na wiki inayofuata tiketi zilizokatwa ni 23 kwenye ndege ya watu 250, watu wa fedha wanapiga kelele tufute, bosi akaja akaiangalia ile karatasi kimya kisha akasema iruke. Mafuta yale we acha tu.

Na sisi tulikuwa na hao 23, kuna shirika la Uingereza, BMed, mwaka 2007 lilikuwa linarusha ndege tupu kabisa Heathrow mpaka Cardiff kulinda sloti. Corona ilipoingia 2020 ndo wakailegeza kwa muda hiyo sheria ya 80.

Kununua kwa mwenzako inawezekana akikubali kuachia, 2016 Oman Air iliripotiwa kutoa dola milioni 75 kwa jozi moja, kutua na kuruka. Sisi hatukuwa na ubavu huo, tulichukua saa mbovu ya usiku tukawa tunabadilishana na wengine kidogo kidogo, dakika 20 msimu huu, nusu saa msimu ujao, mpaka tukafika saa 2 asubuhi mwaka wa tatu.