Injini ya Boti Ikianza Kumisi Baada ya Kuoshwa, Usikimbilie Kabureta

Hii naandikia watu wa Dunga, Usoma, Mbita na popote kando ya Ziwa Victoria mtu anategemea injini ya kufunga nyuma ya boti, maana nimeona wenzangu wakimaliza pesa kwa shida yenye inatatuliwa na kitambaa kikavu.

Yangu ni Yamaha 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Jumamosi moja nikaipeleka kwa watu wa kuosha magari, kifuniko nikatoa, wakaipiga na mashini ya presha mpaka grisi yote ikaisha, ikang'aa. Jumapili asubuhi navuta kamba, inashika vizuri, lakini haitulii, inatetemeka, inamisi (moto unakatika-katika), ukiongeza mafuta inalala badala ya kupanda na boti haiinui pua hata na watu wanne tu. Fundi wa kwanza akasema kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa. Akafungua, akaosha jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli), nikalipa, ikabaki vile vile.

Ni mzee mmoja pale ufuoni aliniuliza, "Omera (ndugu), mara ya mwisho uliigusa na nini?" Nikamjibu, na maji. Basi tukaanza na moto wa plagi.

Hiyo injini ina silinda mbili. Panguza petroli yoyote iliyomwagika, zima, toa kofia ya plagi moja, chomeka ndani yake plagi ya spea na uifunge vizuri igusane na chuma cha injini (usiache waya ukining'inia hewani, unaweza kuchoma CDI, kile kisanduku cha kutuma moto kwa plagi), alafu washa usikize. Mlio ukiharibika zaidi, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika kabisa, umepata yenye imelala. Yangu ilikuwa ya chini. Plagi ya juu ilikuwa na rangi ya kahawa, ya chini nyeusi na imelowa chapa. Nikaigonga ile kofia ya mpira kwa kiganja, likatoka tone la maji, na ndani kile chuma cha kushika plagi kimeota kutu ya kijani. Tukasugua na msasa, tukaanika juani, plagi mpya mbili, ikawaka na kutulia.

Kama moto uko sawa pande zote, sasa angalia mafuta. Injini ikianza kufa, finya ile pampu ya mpira kwa paipu: ikifufuka, petroli haifiki, so angalia filta, skrubu ya hewa kwa kifuniko cha tanki, na mpira wa pale paipu inachomekwa. Mimina petroli kidogo kwa chupa ya kuonyesha ndani uiache itulie, kama kuna maji yatakaa chini. Kabureta iwe ya mwisho.

Na tafadhali sana, majaribio yote fanya mguu wa injini ukiwa ndani ya ziwa au dramu ya maji, ukiwasha kavu unaunguza mpira wa pampu ya maji haraka sana. Yale maji ya kupoza yasipotoka kwa kitundu, zima hapo hapo, mara nyingi ni gugumaji limeziba.

Siku hizi naosha na brashi, sabuni na kitambaa, presha haifiki kichwani mwa injini. Alafu kabla abiria hawajapanda naenda peke yangu, jaketi la kuokoa maisha mwilini, naifungulia mafuta yote kama dakika kumi karibu na ufuo, na makasia mawili yakiwa ndani ya boti.