Unga wa mjane haukuwahi kujaa pipa

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nauza maandazi na chai stendi, mume wangu fundi ujenzi, kazi leo ipo kesho haipo, tuna watoto wawili. Mwezi wa pili mtumishi mmoja alihubiri kwamba Mungu anataka tuishi kwa utele, akasema atakayepanda mbegu, yani sadaka, ya laki mbili ataona mkono wa Mungu ndani ya siku 21. Sikuwa nayo, nikaenda kukopa kwa hawa wa kausha damu, wa mikopo ya riba kubwa, nikapanda. Siku 21 zimeisha kitambo, mtaji umekata, kila jioni kijana wa marejesho anakuja kusimama mbele ya meza yangu wateja wanaona, na mume wangu hajui kitu. Jirani yangu kanisani haendi hata Pasaka ila juzi kashusha friji. Mungu ananipenda kweli, au ni imani yangu ndo ndogo? – Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana najua aibu ya kudaiwa mbele za watu, unakanda unga huku macho yako barabarani.

Ya friji tuiweke pembeni kwanza. Hujui jirani kaipataje, inawezekana na yeye ana kijana wake wa marejesho.

Imani yako haina shida yoyote, mtu anayekopa kausha damu kwa ajili ya Mungu ana imani mpaka imemzidi. Shida ni kile ulichoambiwa. Huyo mtumishi bila shaka alisoma Yohana 10:10, "wawe na uzima, kisha wawe nao tele", hilo ndo andiko lao. Ila mstari huo huo unaanza na mwivi, kwamba haji ila aibe na kuchinja na kuharibu, na sura yote hapo Yesu anatofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara ambaye akiona mbwa mwitu anakimbia. Nikuulize tu, tangu mtaji wako ukate, mtumishi kashafika kwako?

Na najua watakujibu na yule mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, kwamba alimpa nabii kwanza ndo akabarikiwa. Ni kweli kabisa alimpa. Kulikuwa na ukame, mama wa watu ana unga konzi moja na mafuta kidogo chupani, anaokota kuni mbili apike yeye na mwanae wale wafe. Eliya akamwambia nitengenezee mimi kwanza mkate mdogo. Sasa wengi wanafunga Biblia hapo hapo, wewe endelea kusoma. Eliya hakuondoka na ule unga! Alikaa nyumba ile ile, akala unga ule ule na yule mama na nyumba yake siku nyingi, na mtoto alipougua akaishiwa pumzi nabii alimbeba mwenyewe akampandisha chumbani kwake akamlaza kitandani kwake akamlilia Mungu. Yani alikuwa mtu wa humo ndani.

Halafu angalia muujiza wenyewe, mimi ulinichukua miaka kuuona. Haijaandikwa popote kwamba pipa lilijaa. Imeandikwa halikupunguka. Kwa hiyo yule mama kila asubuhi akifunua anakuta unga wa leo, kesho anafunua tena. Hata mana kule jangwani ilikuwa hivyo, ukilaza mpaka kesho inaingia mabuu, na Yesu alitufundisha kuomba "utupe leo riziki yetu", ya leo, hakutaja ya mwaka. Huo ndo utele ninaoujua mimi, wa kushindia.

Nakumbuka nilipojifungua wa tatu, baba yao yuko safarini, hela hamna. Alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu na chupa ya uji wa ulezi. Sala yake haikufika dakika moja, akainama akaanza kufua nepi, akafua zote, akaanika, akaondoka. Nililia siku ile. Kama utaniuliza upendo wa Mungu unafananaje, mimi naiona ile kamba ya nepi.

Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga wale, walikuwa na shida kama zako, kwa hiyo usijitukane.

Sasa fanya hivi. Leo jioni mwambie mumeo, yote, na kiasi chote. Atafoka, muache afoke, ila deni la kausha damu ukilibeba peke yako litawatoa ndani ya nyumba. Usikope kwingine kulipia hili. Kesho mfuate mwenyekiti wa jumuiya yako au kijumbe wa mchezo wa kupeana hela kama unacheza, omba upewe zamu ya mapema, wenzio watakuelewa kuliko unavyodhani. Na anza na unga kilo mbili tu, usiumize kichwa na meza ndogo.

Mbegu nyingine usipande mpaka deni liishe. Mungu hakudai.

SWALI: Shangazi, mi boda. Abiria wa elfu tatu kanipa elfu kumi kasema chenji baki nayo, Mungu akubariki. Zaka natoa kwenye ngapi? – Dereva, Dodoma

JIBU: Ukihesabu zawadi tu ni 700, ukiweka na nauli ni 1,000, usigombane na Mungu kwa 300. Ila kabla hujapita kijiweni, pitisha hela ya mboga nyumbani.