Jibu: Mchumba ni wa ukoo wa kifalme, kwao wanataka niache kazi

Dada pole, nimekusoma. Jamaa humtilii shaka, shida ni kwao wanataka uache kazi benki kabla ya ndoa na ufute picha zako zote mtandaoni. Picha futa tu, hizo ndogo.

Kazi ndo usimame hapo. Mcheki Masako wa Japani, mwanadiplomasia, kasoma Harvard, akaolewa na Naruhito, mwana wa mfalme wa kule, 1993 kazi ikaishia hapo, presha ikawa mtoto wa kiume maana kule mwanamke harithi kiti, akampata binti, Aiko, 2001 maneno hayakuisha, 2004 ikatangazwa anaumwa kwa msongo. Na mumewe alimtetea hadharani kabisa!

Kwa hiyo muulize jamaa mama yake akikomaa yeye anasimama wapi, akianza kujiumauma ushapata jibu. Omba likizo bila malipo, barua ya kuacha kazi usiandike. Mali, talaka, watoto watakaa na nani, tafuta wakili wako mwenyewe sio wa kwao (Diana, aliyekuwa mke wa Charles wa Uingereza, alipoachika 1996 hata cheo cha Mtukufu kilimtoka). Na ukianza kukosa usingizi au kulialia, usiishie kwa shangazi, nenda kwa mwanasaikolojia mapema.