Saa ya chesi: izoee mapema, na ukinunua nunua hii

Wengi wanaoingia kwenye chesi hapa Mtwara wametokea kwenye drafti, na swali lao la kwanza ni lilelile: saa ya nini, si tucheze tu? Drafti ya kijiweni haihitaji saa kwa sababu ina watazamaji. Ukikaa mno bila kusogeza kete utasemwa mpaka usogeze. Kwenye chesi tunadai utulivu, kwa hiyo mtu anaweza kuinamia ubao robo saa nzima na hakuna wa kumgusa. Mkiwa na mbao mbili na vijana wamejaa wakisubiri zamu jioni, mmoja tu wa namna hiyo anawatosha kurudi nyumbani bila kucheza.

Wala si tabia ya vijiwe vyetu tu. Mashindano ya London ya mwaka 1851 yalichezwa bila saa, na lawama za kujivuta zilikuwa nyingi. Kwenye mashindano ya London ya 1883 ndipo zikatumika saa pacha: mbili zimeunganishwa, hii ikitembea ile inasimama. Mpaka leo ni hivyohivyo. Kila mchezaji ana muda wake mwenyewe, na akiumaliza amejimaliza.

Kwa anayepanga jioni ya mchezo hesabu ni nyepesi: dakika 10 kwa kila mmoja, mchezo hauzidi dakika 20, wanaofuata wakae. Ila faida ninayoithamini zaidi ni ya mchezaji mwenyewe. Mgeni huchoma muda mwanzoni, kete zote zikiwa bado nyumbani, halafu ikifika mahali pa kupiga hesabu kweli, malkia wake anawindwa na farasi, hana muda wala pumzi. Bila saa hutaiona tabia hiyo. Ukiwa nayo, tupia jicho baada ya hatua ya 10. Kama nusu ya muda imekwenda na hamjalana hata kete moja, ujue unafikiria mambo yasiyokuwepo.

Msianze na dakika 3, tafadhali. Najua ndizo zinazochekesha, na vijana wanapenda ule mpigo wa saa, lakini zinamfundisha mgeni kurusha kete tu. Anza na dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua. Mchezo wa hatua 60 utakupa jumla ya dakika 25, muda wa kutosha kukosea polepole na kuona ulipokosea.

Nyongeza hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kuangalia unaponunua. Robert Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alipata hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1989, na mwaka 1992 akaitumia aliporudiana na Boris Spassky, yule aliyemvua ubingwa. Maana yake ni kwamba ukibaki na sekunde chache huku umeshinda kwa kete, bado una nafasi ya kumalizia kazi. Saa za mishale haziwezi hilo. Zile za zamani za Ujerumani na Urusi ni ngumu kweli, hujazwa kwa mkono na hazijui betri, na mtu akikupa ya bure pokea kwa mikono miwili. Lakini dakika ya mwisho kwenye mshale ni ya kubahatisha, na bendera, kile kibao kinachoanguka muda ukiisha, ikining'inia mnaanza kubishana. Ya kununua iwe ya tarakimu.

Iwe na namba kubwa zinazosomeka ukiwa umesimama. Kibonyezo kiwe kimoja kirefu juu, kinachopanda na kushuka kama pembea, ili hata aliye mbali aone zamu ni ya nani. Itumie betri za AA zinazopatikana dukani mtaani. Zenye betri za kidonge ziache, utazitafuta mpaka uchoke. Milio, taa na mitindo ishirini ya muda ni mapambo. Kibali cha FIDE, shirikisho la chesi la dunia, nacho kisikuumize kichwa kama huandai mashindano rasmi. Ukiagiza Dar ije na basi, mwambie anayekununulia aiwashe, aweke muda, abonyeze pande zote mara nyingi kabla ya kufunga mzigo. Kurudisha ni gharama nyingine.

Huna hela sasa? Programu za saa kwenye simu ni za bure na zinafaa kujifunzia. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya shaha. Na ongea na vijana kuhusu kupiga kioo kwa ngumi.

Mazoea ya mkono yajengeke sasa, maana mwamuzi hatakuonea huruma. Mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa, hata kama saa iko upande mwingine. Unapohamisha mfalme pamoja na ngome, tumia mkono mmoja, ukianza na mfalme. Askari akifika mwisho wa ubao, mweke malkia kwanza ndipo ubonyeze. Wageni wengi hubonyeza askari akiwa bado amesimama pale, na hiyo ni hatua haramu: kwenye mchezo wa kawaida mpinzani anaongezewa dakika 2, ukirudia kosa la namna hiyo umepoteza mchezo. Muda wako ukiisha umefungwa, isipokuwa mpinzani hana njia yoyote halali ya kukufunga, mathalani kabaki na mfalme peke yake. Hapo ni sare.

Utunzaji ni mdogo, ila huku pwani usiupuuze. Hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani inakula vile vibati vya betri mpaka viote kutu ya kijani. Kama hamchezi wiki nzima, toa betri. Kutu ikianza, ikwangue taratibu kwa kipande cha msasa laini, futa kwa kitambaa kikavu, kisha uihifadhi saa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.