Kabla hujampa shujaa wako nguvu, jua kile kitu ni cha nani

Vijana wanaoniletea madaftari yao ya katuni hapa Mtwara karibu wote wanaanzia sehemu moja. Kijana wa miaka kumi na tano hivi anatoka shule, anaona kitu kinang'aa njiani, anakiokota, na fremu inayofuata anaruka juu ya mapaa ya nyumba. Michoro mara nyingi ni mizuri kwelikweli. Mikono imekaa, vivuli vipo, nguo ina alama kifuani. Lakini hadithi inaishiwa pumzi ukurasa wa nne, kwa sababu kile kitu hakina mwenyewe, hakijulikani kimetoka wapi, wala hakidai chochote kwa aliyekiokota.

Nimekuwa kwenye kazi hii kwa miaka sasa, nikichora zangu na kuwasaidia wadogo zangu kupanga zao, na ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wowote ni huu: anza na kitu, usianze na nguvu. Jua kilikuwa cha nani kabla kijana wako hajakigusa, kilitengenezwa kwa kazi gani na kinataka nini. Ukishayajua hayo, nguvu zenyewe utazipata bila kuhangaika.

Mfano ninaoupenda ni Jaime Reyes, wa tatu kubeba jina la Blue Beetle, shujaa wa katuni za Marekani. Alitokea mwaka 2006, kazi ya Keith Giffen, John Rogers na mchoraji Cully Hamner. Jaime ni kijana wa El Paso, Texas, mji ulio mpakani na Mexico. Baba yake ana gereji, mama yake ni muuguzi, ana mdogo wake wa kike anaitwa Milagro. Akiwa anatoka shule na rafiki zake anakuta kidude cha bluu chenye umbo la mdudu, anakibeba hadi nyumbani, na usiku kile kidude kinamwingia mgongoni na kujishikiza kwenye uti wa mgongo.

Hadi hapo ni sawa na daftari la kijana yeyote wa Chuno au Shangani hapa mjini. Tofauti ni kwamba kidude kile kilikuwa na maisha yake kabla ya Jaime. Jina la Blue Beetle lilianza 1939. Baadaye mwenye jina hilo akaandikwa kuwa mtafiti wa mambo ya kale aliyekipata kidude chake Misri. Aliyefuata, Ted Kord, aliyebuniwa na Steve Ditko mwaka 1966, alikirithi lakini kikamgomea kabisa, ikabidi apigane kwa akili na mashine alizojitengenezea. Kilipofika kwa Jaime ndipo tunaelezwa kuwa kilitengenezwa na viumbe kutoka nje ya dunia wanaoitwa Reach, ili kimgeuze anayekivaa awe askari wao wa kuiteka dunia yake mwenyewe. Kina jina, Khaji Da. Kinaongea naye. Jaime akitaka kumzuia mtu tu, chenyewe kinamshauri amuue.

Angalia mwandishi anapata nini hapo. Kila Jaime anapotumia nguvu kuna mgogoro tayari, hata adui hajatokea, maana kitu kinavutia huku na kijana anavutia kule. Na kwa kuwa Ted Kord alikataliwa, msomaji anabaki kujiuliza kwa nini huyu amekubaliwa. Swali hilo peke yake linaweza kubeba matoleo kadhaa.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo nina la kusema zaidi. Vijana wengi wanaagiza kitu chao kutoka angani: kimondo, jiwe la sayari nyingine. Sikatazi. Lakini mtu anayeishi kati ya Kilwa na mto Ruvuma amezungukwa na vitu vyenye wenyewe, na ni hasara kuviruka.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea hadithi ya sarafu ya Kilwa. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, ndogo, hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani kwa maandishi ya Kiarabu, upande wa pili una maneno ya kumtegemea au kumsifu Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Sarafu yenye vina! Watu wa pwani tunaopenda mashairi tungepaswa kuwa tumeshaandika hadithi mia juu ya hilo. Tena sarafu hizo zilisafiri: mwaka 1944 askari wa Australia aliokota tano kati yake kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje kule.

Katika rasimu ya kwanza ya binti huyo, kijana anaokota sarafu ufukweni karibu na magofu ya Husuni Kubwa, jumba la masultani hao, maji yakiwa yametoka, inang'aa, anapata nguvu. Basi. Nikamuuliza maswali yangu matatu: ni ya nani, ilitengenezwa kwa kazi gani, inataka nini. Akarudi baada ya muda na kitu ambacho hata mimi nisingekibuni. Shujaa wake amepita madrasa, kwa hiyo herufi anazijua. Akiisoma upande wa sultani, anapata amri: watu wanamtii, milango inafunguka, mashua inageuka. Lakini amri haikomi yenyewe. Ili aiachie lazima ageuze sarafu asome upande wa pili, ule ambao sultani mwenyewe anakiri kuwa anamtegemea Mungu. Na kila siku inayopita, kidole gumba cha kijana kinazidi kuwa kizito kuigeuza. Ameichora hiyo kwa fremu nne zinazofanana: kidole na sarafu tu, hakuna uso, hakuna kiputo cha maneno. Katika ya nne kucha imekuwa nyeupe kwa kukandamiza. Mimi naona fremu hizo nne zina nguvu kuliko mapigano yote ya kurasa zilizofuata, na nilimwambia hivyo.

Halafu ukaja mgogoro mwingine ambao hatukuutafuta. Nchini mwetu kuna Sheria ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, na mtu akiokota kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa, si kukitia mfukoni. Kwa hiyo shujaa wake anaokoa watu kwa kitu ambacho si mali yake, na mlinzi wa magofu anamfahamu tangu akiwa mtoto. Mlinzi si mtu mbaya. Anafanya kazi yake tu. Adui wa namna hiyo, mwenye haki, ni mgumu kuliko jitu lenye pembe.

Kuna jambo moja la ukoo ambalo nashangaa halitumiki. Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa asili ukoo wao unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mpwa wake. Lakini katuni zote ninazoletewa, mzee anayemkabidhi kijana kitu cha ajabu ni baba au babu mzaa baba, kama ilivyo kwenye filamu za wenzetu. Jaribu kumpa mjomba. Mjomba ana watoto wake waliokua nacho ndani ya nyumba, wamekiona kila siku sandukuni, halafu kinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Hapo umepata binamu mwenye kinyongo, shangazi asiyesalimia, na baba mzazi anayejiuliza nafasi yake ni ipi, kabla hujamchora adui hata mmoja.

Juu ya vinyago nawaomba muende taratibu. Najua kwa nini vijana wanavitaka. Anayecheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, amejificha kabisa, na watazamaji hawatakiwi kujua ni nani aliye nyuma ya lipiko, yaani kinyago chenyewe. Shujaa mwenye siri ya uso hakuanzia Marekani, wazee wetu wa Newala na Tandahimba wanaye miaka yote. Lakini mambo hayo yana wenyewe walio hai, yameshikana na jando na unyago, na si kila unachosikia pembeni ni cha kuchora na kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Nenda kwa mzee, mwambie unachotaka kufanya, na akikuambia sehemu hii iache, iache. Hadithi haitapungua. Ukitaka kinyago bila kugusa siri, kuna kisa kingine cha kweli: mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kikaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho Geneva, na kikarudishwa 2010. Miaka 26 ugenini. Kilifikiria nini muda wote huo? Kikirudi kinamtafuta nani?

Tendaguru, huko Lindi, nayo inasubiri mchoraji wake. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria pale, vibarua kwa mamia, na wapagazi wakaibeba vichwani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo imeungwa ikawa dinosaria mzima aliyesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Kijukuu cha mpagazi mmoja na kipande cha mfupa ambacho hakikupanda meli: mwenye kutaka hadithi hiyo na aichukue.

Na maji ya Kinjikitile Ngwale, yaliyosemwa kuwa yanageuza risasi kuwa maji? Naulizwa sana. Ndiyo, ni kitu cha ajabu chenye kutoa nguvu, na mwaka 1905 watu wa Matumbi walikiamini, na vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ikaenea kusini nzima. Lakini risasi hazikugeuka maji, na waliokufa ni babu na bibi zetu, kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Ukiandika juu ya hayo, usimpe shujaa wako maji yanayofanya kazi kirahisi. Mpe siku ile yalipokataa, na mpe mtu wa kumtazama usoni baada ya hapo. Kama hujawa tayari kuandika siku hiyo, chagua kitu kingine kwa sasa.

Hirizi nayo naiweka pembeni. Msomaji akiona hirizi ameshaijua hadithi yote hadi mganga wa mwisho.

Sasa familia. Katuni nyingi za zamani zinamtaka kijana afiche siri kwa kila mtu. Kwa Jaime ni tofauti, na ndiyo sababu nyingine ya kumpenda: anapotea mwaka mzima huku mwenyewe akidhani ni muda mfupi tu, anarudi kwa watu waliomtafuta hadi wakachoka, na familia yake inajua kila kitu. Kwa mazingira yetu hilo linakaa zaidi. Nyumba ya Mtwara yenye watoto sita, wapangaji wawili na uani pa pamoja, siri ya nguo ya kishujaa itadumu kwa muda gani? Bibi ataikuta kwenye kamba ya kuanikia. Usipambane na ukweli huo. Andika bibi anapoikuta, na anachosema. Mmoja wa vijana wangu alimfanya bibi asiseme neno, akaishona pale ilipochanika. Wengine wanawapa bibi zao hotuba ya ukurasa mzima juu ya wajibu, na hapo msomaji anafunga daftari.

Mpe pia kazi za nyumbani na msimu. Korosho zikianza kuanguka, kuanzia Oktoba hivi, kijana wa huku yuko shambani anaokota, anatenganisha korosho na bibo, tunda lake, na kabla ya hapo kulikuwa na kupuliza mikorosho dawa ya salfa. Nguvu haziwezi kumwondolea hayo. Na adui mnaye mkononi: kangomba, yule anayemfuata mkulima wakati wa njaa, anampa vihela na kununua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kumuumiza. Mtu huyo ana uso wa kawaida, anacheka na watu, anachangia harusi. Sarafu ya kuamrisha ingemfanya nini? Ukimwamuru arudishe mazao ya mtu mmoja, je, wale wengine mia walioshakula pesa yake? Hapo ndipo nguvu zinakuwa na maana, kwa sababu hazitoshi.

Ushauri wa kazi ya mikono kidogo, kisha nikuache. Toleo la kwanza lisizidi kurasa 16. Ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni, kwa hiyo duka lolote la kutoa kopi linaweza kukufanyia. Chora kwa wino mweusi, maana penseli haitoki vizuri kwenye kopi. Fremu zisizidi sita kwa ukurasa, na maneno kwenye kiputo yasizidi yale ambayo mtu angeyasema kwa pumzi moja. Kitu kiokotwe kabla ya ukurasa wa 5. Usieleze kimetoka wapi katika toleo hilo, hata kama wewe unajua, na ni lazima ujue. Ukurasa wa 15 mwenye kile kitu atokee mara ya kwanza, hata kama ni mkono tu unaobisha mlango, na ukurasa wa 16 uandike jina lako na mahali toleo la pili litakapopatikana.