Kipimo Huhojiwa, Mungu Huaminiwa

Ukishajulikana kuwa una kansa, wanaokupenda hawaji mikono mitupu. Huyu analeta maombi, yule analeta majani ya kuchemsha, mwingine vidonge vya kwenye chupa. Na siku hizi wapo wanaoleta vipimo. "Usikubali kukatwa kabla hujapimwa damu na fulani." "Hospitali wanaangalia ugonjwa, huyu anaangalia chanzo." Mimi naishi na kansa ya titi. Nimepita kwenye upasuaji, kemo na mionzi, na sasa natumia vidonge vya homoni huku nikihudhuria kliniki. Ni mtu wa maombi pia, wala sifichi. Wagonjwa wenzangu wananiuliza sana kuhusu hivi vipimo vya damu vya pembeni, hasa vinapokuja vimefungwa pamoja na neno la Mungu, na naona wengi wanaumia humo kimyakimya. Ndiyo maana naandika.

Niliwahi kupimwa mwenyewe kile kinachoitwa kipimo cha damu hai. Nilikuwa katikati ya kemo, na dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinisindikiza kwa upendo wote. Mpimaji alinichoma kidole, akaweka tone kwenye kioo, akakifunika kwa kioo kingine chembamba na kukiingiza chini ya hadubini iliyounganishwa na skrini. Hapo lazima niseme kweli: inashangaza. Unaona damu yako mwenyewe inatembea. Chembe nyekundu zinang'aa pembezoni kwenye giza, na katikati yake kuna vinukta vyeupe vinachezacheza bila kutulia. Mpimaji akanyoosha kalamu kwenye skrini. Hizi zilizopangana kama sarafu, akasema, ni dalili kwamba damu ina asidi. Hizi zenye miiba zimeliwa na sumu. Na hivi vinukta ni vijidudu vinavyolisha kansa.

Kabla hajamaliza kunieleza vidonge vya kusafisha, nilimwomba anionyeshe tena kioo kilekile cha mwanzo. Tulikuwa tumeongea kwa muda. Alipokirudisha, chembe zilizokuwa zimetawanyika sasa zilikuwa zimepangana, na za pembeni, pale tone lilipoanza kukauka, zilikuwa zimeota miiba. Ni damu ileile, ya mtu yuleyule, na hakuna nilichokula wala kunywa. Nilipouliza kimebadilika nini, akanijibu, "Sumu zimejitokeza. Ila dada, hiki kipimo kinataka imani. Ukiwa na mashaka hutaona."

Jibu hilo ndilo lililonifungua macho. Imani yangu tayari ina mwenyewe. Kipimo kinachonitaka nikiamini kwanza ndipo kionyeshe, kinaomba kitu ambacho si haki yake. Kipimo cha kweli humpa jibu lilelile anayeamini na asiyeamini, mchungaji na mpagani, na kinaruhusu uulize: ukirudia utapata hivyo hivyo? Akipima mwingine atasema hayohayo? Huwa kinakosea mara ngapi?

Nilikwenda kuyatafuta majibu hayo. Yale ya skrini yana maelezo ya kawaida kabisa. Chembe nyekundu hupangana kama sarafu tone linapokaa kwenye kioo, na hupangana zaidi protini fulani zinapoongezeka kwenye damu, kwa mfano ukiwa na maambukizi au ujauzito. Miiba hutokea chembe zinapokauka au zinapogusana na kioo. Vile vinukta vinavyocheza mara nyingi ni chembechembe za mafuta baada ya mtu kula, na kucheza kwake ni mtikisiko wa kitu chochote kidogo sana kinachoelea kwenye maji. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliueleza mwaka 1827, na alichokuwa anakitazama ni chembe zilizotoka kwenye chavua ya maua. Kuhusu asidi, mapafu na figo hushikilia pH ya damu, yaani kiwango chake cha asidi, kati ya 7.35 na 7.45. Ikiteremka vibaya chini ya hapo unalazwa mahututi. Huwezi kuwa umekaa kwenye kiti unajadili bei ya vidonge.

Mbinu yenyewe ina mizizi mirefu. Günther Enderlein, Mjerumani aliyeishi kuanzia mwaka 1872 hadi 1968, alifundisha kwamba ndani ya damu kuna vijidudu vinavyobadilika maumbo hadi kuleta magonjwa, na kwamba vinaonekana kwa hadubini ya mandhari meusi, ile inayoonyesha chembe ziking'aa kwenye giza. Watafiti wa Ujerumani waliijaribu, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo. Walichukua wagonjwa 110, na 12 kati yao walikuwa na kansa iliyokwisha kusambaa, ikathibitishwa kwa vipimo vya kawaida. Hadubini ile, mikononi mwa mtu mwenye uzoefu nayo, iliwatambua 3 tu kati ya hao 12. Waliobaki, watu wenye kansa iliyosambaa, wangerudi nyumbani wakimshukuru Mungu kwa jibu la uongo.

Na ukifikiria, kansa kama yangu ingeonekanaje pale? Mililita moja ya damu ina chembe nyekundu zinazokaribia bilioni 5. Chembe za kansa ya titi zikiingia kwenye damu huwa chache mno, na tone la kidole ni sehemu ndogo sana ya mililita. Kansa za damu zenyewe ni habari nyingine, maana hizo kweli huanza kushukiwa kwenye hadubini, ila damu hupakwa rangi maalumu, mtaalamu huzisoma chembe moja moja, na mara nyingi bado mgonjwa huchukuliwa uboho ili kuthibitisha. Kwa uvimbe kama wa titi, kinachothibitisha ni kinyama: kipande kilichotolewa kwenye uvimbe wenyewe.

Nisieleweke kwamba kila kipimo cha damu kilicho kipya ni cha kitapeli. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganywa, kwa sababu wauzaji huazima maneno ya sayansi ya kweli. Uvimbe humwaga vipande vya DNA yake, yaani vinasaba vyake, kwenye damu, na sasa maabara zinaweza kuvitafuta. Marekani iliidhinisha mwezi Julai 2024 kipimo cha damu kinachoitwa Shield kwa ajili ya kuchunguza kansa ya utumbo mpana. Uingereza ilikijaribu kipimo kingine kiitwacho Galleri kwa watu wapatao 140,000 walioandikishwa kuanzia mwaka 2021, ili kuona kama kweli kinasaidia kugundua kansa mapema. Angalia jinsi vinavyotendewa: vinahesabiwa makosa yake hadharani, na ukipata jibu la kutia shaka kwenye Shield hupewi chupa ya vidonge, unapelekwa kuingiziwa kamera ya utumbo ili ithibitishwe.

Hata vipimo vya hospitalini tunavyoviheshimu vinahitaji kuhojiwa. Vile viashiria vya uvimbe, vitu vya kwenye damu ambavyo kansa inaweza kuvipandisha, huandikwa kwa herufi au namba na huwatia watu wazimu bure. CA-125 inaweza kupanda wakati wa hedhi, kwenye ujauzito, au kwa mwenye maradhi ya ukuta wa kizazi bila kansa yoyote. CEA huwa juu kidogo kwa wavutaji sigara. PSA hupanda tezi dume ikipata maambukizi. Daktari mzuri haangalii namba moja iliyosimama peke yake. Anaangalia inavyokwenda kwa muda, na anailinganisha na picha na mwili wako. Nimewaona watu wamekimbilia maabara ya binafsi kwa hofu, wakapima kiashiria ambacho daktari wao hakukiomba, wakakesha wiki nzima wanalia kwa namba isiyo na maana.

Sasa niseme kuhusu kipimo ambacho kwetu tulio kwenye kemo ndicho cha uhai, ingawa hakina skrini ya kupendeza. Ni ile damu inayochukuliwa mshipani kabla ya kila dripu. Kemo haichagui sana. Inaua chembe zinazogawanyika haraka, na chembe nyeupe zinazotulinda zimo humo. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, halafu hupanda tena. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, huteremka taratibu zaidi kwa sababu chembe nyekundu huishi kama siku 120. Wanapima pia figo na ini, kwa kuwa ndivyo vinavyoitoa dawa mwilini, na dozi hupangwa kwa kuangalia hayo. Majibu yakiwa mabaya, kemo inasogezwa. Nilipokuwa nikiambiwa "leo haturuhusu, chembe nyeupe ziko chini", nilijisikia nimenyang'anywa kitu. Baadaye nilielewa kwamba wananilinda. Na katika siku hizo za chini, joto likifika nyuzi 38 usisubiri asubuhi, wala usisubiri ibada iishe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, useme mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Maambukizi kwa mtu asiye na chembe nyeupe yanaweza kumwondoa kwa saa chache.

Mtu akikuambia kwenye skrini yake kwamba damu yako imesafishika, hajui lolote kuhusu hayo yote. Hajahesabu chembe, hajaona figo.

Upande wa imani ndio uliokuwa mgumu zaidi kwangu, nami sitaupitia haraka. Niliambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba kwenda kuchukua majibu ni "kuukiri ugonjwa". Kwamba ukishaombewa, kupima tena ni kumjaribu Mungu. Maneno hayo yanauma, kwa sababu unapokuwa mgonjwa unaogopa kuwa huenda imani yako ndogo ndiyo inayokuzuia kupona. Nililia sana mbele za Mungu juu ya jambo hili.

Aliyenisaidia ni mchungaji wangu, mzee asiye na maneno mengi. Alinikumbusha wale kumi wenye ukoma ambao Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Enzi zile kuhani ndiye aliyekuwa anakagua ngozi na kutamka kama mtu amekuwa safi. Ina maana uponyaji wenyewe ulipelekwa kukaguliwa, na mkaguzi hakuwa mmoja wa wanafunzi. "Aliyeponywa haogopi kukaguliwa," mzee akaniambia, "na ambaye hajaponywa anahitaji kujua yuko wapi." Ndugu zangu Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume kwamba watu wajitibu, kwani Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuwekea dawa. Sioni mahali mwamini alipoambiwa afumbe macho asijue kinachoendelea ndani ya mwili wake.

Tangu hapo naomba tofauti. Zamani nilikuwa naomba majibu yawe mazuri, basi, na usiku wa kuamkia kliniki nilikuwa silali. Siku hizi naomba yawe ya kweli, na niwe na nguvu ya kuyapokea. Ninakwenda na mtu, kwa sababu masikio ya mgonjwa husikia nusu tu. Ninaandika maswali kwenye karatasi kabla ya kulala, halafu naikunja karatasi naiweka kwenye kadi ya kliniki. Kisha naomba. Hofu haijaisha, ila nalala.

Kwa yule anayekuletea kipimo cha pembeni, usigombane naye. Mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu ameshindwa kukaa bure akikutazama ukiumwa. Mpe kazi nyingine: akusindikize siku ya damu, akukalie watoto, akuombee akiitaja kwa jina dawa unayotumia. Na kama amekukazia sana, muulize mambo mawili matatu kwa upole. Anayepima ndiye anayeuza dawa? Kuna mtu yeyote aliyewahi kupimwa pale akaambiwa hana tatizo, aende nyumbani bila chupa? Jibu likija, litabadilisha nini katika matibabu yangu? Mimi nilipouliza la pili, chumba kilinyamaza.

Vidonge hivyo vya pembeni vitaje kwa daktari hata kama hukuvinunua kwa ushauri wake. Bayotini, ile vitamini inayowekwa kwenye vidonge vya nywele na kucha, ikiwa nyingi inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2017. Mmea uitwao St. John's wort hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kansa. Beba chupa zenyewe, usitegemee kumbukumbu. Daktari akikunja uso, vumilia, alimradi azisome lebo.

Na wewe uliyekwisha kuacha matibabu kwa sababu skrini ilisema uko safi, nakuandikia hasa wewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa watu 281 waliochagua tiba mbadala peke yake kwa kansa ambazo hazikuwa zimesambaa. Uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 2.5 ya waliopata matibabu ya kawaida, na kwa kansa ya titi ulizidi mara 5. Sikuambii haya kukutisha. Nakuambia kwa sababu mlango wa kliniki bado uko wazi, na wamewapokea wengi waliopotea miezi. Rudi na kadi yako ya zamani. Waambie ulikosa dripu ngapi na ulikuwa unatumia nini, bila kuficha hata kimoja. Watakukalisha, watafunga mpira kwenye mkono, na wataanza kwa kukutoa damu.